Mfungo wa Maneno

Jumatatu, 3 Machi

Nimekatazwa kusema nyumbani kwangu. Haya, nitaandika. Hapa hakuna wa kuniwekea kidole mdomoni.

Kuanzia leo tuko kwenye mfungo wa maneno. Ndivyo anavyouita Bi Bakuli. Jina lake halisi nimetajiwa na nimelisahau kwa makusudi. Ni yule mama wa tiba ya sauti aliyeletwa na wifi. Kaja na mabakuli ya shaba, makubwa kwa madogo, na upatu mpana kama ungo. Kayapanga sebuleni kumzunguka mume wangu, kamlaza kwenye godoro, kagonga. Nyumba nzima ikavuma. Hata vikombe kabatini vililia.

Halafu masharti. Maneno ya watu, eti, ni mitetemo mizito. Yanamponda mgonjwa kichwani. Mtu aliyepoteza usemi aondolewe maneno yote kwanza, kichwa kioshwe kama sufuria, ndipo maneno yake mwenyewe yapate pa kukaa. Wiki tatu! Chumbani kwake hakuna kusema, hakuna redio, hakuna simu. Bakuli tu, asubuhi na jioni. Jikoni ruksa kunong'ona.

Nikauliza: hata "umeamkaje"?

Hata hiyo.

Nikataka kuuliza la pili, wifi akanitolea jicho.

Mume wangu ni kinyozi. Kinyozi! Alikuwa anaongea kuliko mashine yake ya kunyolea. Watu walikuwa wanakuja nywele hazijaota, wanafuata maneno. Kiharusi kikaja mwezi wa kwanza, kikamlegeza mkono wa kulia na kumfunga kinywa. Anaelewa kila kitu, naona machoni. Lakini akifungua mdomo, patupu.

Na mimi natangaza mabasi stendi. Kutwa niko kwenye maiki nawaambia watu nisiowajua panda hili, shuka lile, mzigo wako huo. Nikirudi kwa mume wangu, nifyate mdomo. Khaa!

Jumanne, 4 Machi

Nimesahau. Nimeingia chumbani na mkoba begani, nikasema, "Leo joto si la kawaida!"

Aligeuza shingo haraka, akaniangalia usoni, nyusi juu. Alifurahi. Nakwambia alifurahi!

Wifi akaruka kutoka kwenye kiti, akanishika mkono, akanitoa nje kama mtoto aliyepengea kamasi kwenye pazia.

Ningegomba. Lakini ningegombaje? Huyu ndiye aliyemlea mume wangu, mama yao alipofariki. Alikuwa msichana, akaacha shule, akambeba mdogo wake mgongoni. Leo hii kafunga duka lake la vitambaa aje kukaa naye mchana nikiwa kazini. Anamlisha, anamgeuza, anamfulia. Akikasirika akaondoka, nani atabaki naye? Basi nameza.

Alhamisi, 6 Machi

Hili linaniudhi kuliko yote: analala.

Tangu atoke hospitali alikuwa halali, anakodolea dari mpaka macho yanakuwa mekundu. Sasa Bi Bakuli akishamaliza zile ngoma zake, mume wangu analala fofofo, anakoroma kabisa. Siwezi kusema ni uongo. Nimeona.

Na leo kavuma! Bi Bakuli kaligonga lile bakuli kubwa, akamwekea juu ya kifua. Mume wangu akafumba macho, na kifuani mwake ikatoka mmmmm. Sauti ileile ya bakuli, haikupishana hata kidogo. Wifi akalia. Na mimi nikalia, nikatae nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mtetemo ukanipanda miguuni hadi kwenye meno.

Bi Bakuli akaninong'oneza kwamba mlango umefunguka.

Mlango gani? Nilikaribia kumwuliza kwa sauti. Mimi mkewe namwangalia tu kila jioni kama picha ukutani, halafu sauti yake ya kwanza anampa bakuli. Naonea wivu bakuli. Mwanamke mzima, na akili zangu timamu!

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika polepole.

Leo stendi kaja daktari wa usemi, yule wa hospitali aliyekuwa anakuja nyumbani kumfundisha mume wangu kutamka. Alikuwa anasafiri. Kaniona kwenye kidirisha, kasogea na begi lake. Mama, habari za siku? Mgonjwa anaendeleaje na mtaalamu wake mpya?

Mtaalamu gani?

Akashangaa. Kumbe wifi alimpigia simu! Alimwambia asije tena, familia imepata mtu mwingine. Familia! Familia ni nani? Mimi nilikuwa nadhani ameacha kuja kwa sababu ya foleni ya wagonjwa. Mpaka nilikuwa namteta kimoyomoyo, nasema madaktari wa siku hizi hawajali.

Akaniuliza: mnamwongelesha?

Nikamwambia hatumwongeleshi. Nikamweleza mfungo. Nilivyokuwa namweleza, nikajisikia mwenyewe. Jamani, tulivyo wajinga! Mtu kapoteza maneno, na sisi tukamwondolea hata yale tuliyokuwa nayo sisi.

Akaweka begi chini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kumwongelesha sana, asubuhi, mchana, wakati wa kula, wakati wa kuoga. Muulize kitu, halafu mpe nafasi. Usimmalizie neno hata likikuwasha. Bakuli? Bakuli halina ubaya, alisema, kama linampa usingizi gongeni. Ila muongee naye.

Kisha basi lake likaja, akapanda.

Nikashika maiki nikatangaza basi la saa nane. Kwa sauti kweli, kwa hasira. Abiria wakakimbia na mizigo mpaka geti la mwisho. Basi lilikuwa limeshaondoka zamani! Msimamizi kaja kunichungulia kidirishani, akaniona nilivyo, akarudi alikotoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimegombana na wifi. Jikoni, kwa kunong'ona! Ni kama kupiga chafya umebana pua. Povu linakutoka lakini sauti hairuhusiwi. Nimemwambia: wifi, umemfukuza daktari bila kuniuliza! Nimemnong'oneza kwa nguvu mpaka nikakohoa.

Akasema sikuwepo siku ile. Kweli, nilikuwa zamu. Daktari alimwonyesha mume wangu picha ya kijiko, akamuuliza hiki nini. Mume wangu akahangaika, akatoka jasho, mwisho akalia. Machozi yakamtiririka mbele ya mtu baki. Wifi akasema: mdogo wangu, aliyekuwa anasimamisha mtaa kwa maneno yake, leo aulizwe kijiko! Bakuli halimuulizi kitu. Bakuli halimdhalilishi.

Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni, akajifuta machozi nalo, macho yakamwasha, akalia zaidi. Nikampa kitambaa.

Kwa nini hakuniambia! Hivi humu ndani tulishaanza mfungo kabla hata ya mfungo?

Jumanne, 11 Machi

Amesema!!!

Ngoja niandike vizuri.

Kumwogesha jioni ni kazi yangu, wifi haingii bafuni. Leo nikaona hapa ndipo. Nikafungua bomba mpaka mwisho ili maji yapige kelele kwenye ndoo, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikaanza kuongea. Mama yangu! Niliongea kama niliyefunguliwa kutoka gerezani. Nikampa umbea wote wa stendi. Kondakta aliyejifungia kwenye choo cha abiria akawa anapiga simu ofisini kuomba msaada. Msimamizi aliyenunua viatu virefu sasa anatembea kama anakanyaga mayai. Dereva aliyehama na wateja wa mwenzake. Mume wangu mabega yanatikisika. Anacheka! Upande mmoja wa uso unacheka, mwingine unafuata kwa mbali.

Na mimi kwa kunogewa, nikasahau kuchanganya maji ya moto. Nikachota kopo, nikamwagia mgongoni.

"Baridi!"

Neno zima. Kavu, kali, kwa sauti yake ileile ya kumgombeza mteja anayetikisa kichwa wembe ukiwa shingoni. Kopo likaniponyoka.

Nikapiga magoti kwenye maji. Nikamwambia sema tena, baba, sema tena. Akajaribu. Ba... ba... shingo ikamvimba. Nami, mjinga, nikammalizia: baridi! Akakunja uso akageukia ukutani. Hapo hapo nikajua nimekosea. Nimeambiwa juzi tu, nisimmalizie!

Lakini alisema. Nimemsikia kwa masikio yangu. Alisema.

Jumatano, 12 Machi

Mdomo wangu huu. Ningekaa nao tu.

Sikuweza kujizuia, nikamwambia wifi. Akanikumbatia tukayumba pale jikoni kama walevi. Tukacheka kwa kunong'ona. Kwa muda ule nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Halafu akachukua simu, akampigia Bi Bakuli.

Bi Bakuli kafika kabla chai haijachemka. Tiba imejibu! Kafumba macho, kashika kifua. Anataka Jumamosi wateja wake waje washuhudie, arekodi na video, ili wengine wenye shida kama hii wapate imani.

Nikasema: samahani, dada. Ni maji ya baridi yaliyojibu. Na mimi nilikuwa naongea naye.

Wifi akaniachia mkono. Akauliza: kwa hiyo umevunja mfungo?

Nimevunja, nikasema. Na nitavunja tena.

Bi Bakuli hakukasirika hata. Hao ndio wanaonimaliza, watu wasiokasirika! Akasema, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto, kwamba sasa ameelewa kwa nini limetoka neno moja tu badala ya mengi. Nimeziba njia. Basi mpaka Jumamosi nisiingie chumbani. Nisimguse, nisimwogeshe. Hasira zangu, eti, zina mawimbi, na yeye ameyahisi tangu mlangoni.

Atayahisi vizuri siku moja!

Nilimgeukia wifi nikijua atasema hapana, hilo limezidi. Wifi akainama akaanza kukusanya vikombe. Akasema tu, Jumamosi si mbali.

Nalala sebuleni, katikati ya mabakuli. Nikijigeuza, mguu unagonga moja, linalia.

Ijumaa, 14 Machi

Nguo ileile nimeianika mara mbili. Kamba yetu iko chini ya dirisha la chumbani, na jirani wa ghorofani hukaa kibarazani kwake kila jioni. Nikampazia sauti. Jirani, umesikia mabasi yamebadilishiwa geti? Jirani, unajua wateja watatu wa saluni ya mume wangu wamenipitia leo stendi kuniuliza anarudi lini? Jirani, wanamngoja! Wamekataa kunyolewa kwingine, mmoja nywele zimemfunika masikio!

Jirani si mtu wa kuelewa haraka. Akaniuliza mbona nampigia kelele, yeye si kiziwi.

Lakini ndani nikasikia kikohozi. Chake. Kile cha kusafisha koo kabla ya kuanza hadithi. Nikasogea ukutani nikiwa na shati bichi mkononi. Nikasema, jirani, na mimi kesho nipo. Niko nje ya mlango tu.

Dirisha likafungwa. Mkono wa wifi, nimeuona.

Nimekaa jikoni naandika na sina hamu ya kula. Nina hasira na wifi, nina hasira na yule mwanamke, nina hasira na hili shati lisilokauka. Na nina hasira na mimi. Kwa nini nilikubali siku ya kwanza? Eti heshima. Heshima gani ya kumnyima mtu sauti ya mkewe!

Jumamosi, 15 Machi

Niko chumbani. Nimefunga komeo. Yeye kakaa kitandani, mimi sakafuni, mgongo mlangoni. Wifi anagonga upande wa pili.

Ilikuwa hivi.

Wamekuja watu, wamejaa sebule, wamevua viatu, wamekalia mito. Simu imesimamishwa kwenye kijiti chake, inamtazama mume wangu. Wamemvalisha shati jeupe. Mimi nimewekwa ukumbini, kwenye korido nje ya mlango wa sebule, na mlango umeachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Nilimwona kwa upande. Alikuwa anaangalia huku na huku, kichwa juu ya watu, anatafuta.

Bi Bakuli kagonga dogo, kagonga la kati, kagonga kubwa. Ile mmmmm ikaanza, watu wote wakavuma naye. Nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Nywele zilinisimama. Kisha kamshikizia bakuli kubwa kifuani, kaligonga, kamwambia: sauti yako imefunguliwa, sasa sema.

Mara ya kwanza kwa majuma haya yote mtu anamruhusu mume wangu kusema, na mtu mwenyewe ni huyo!

Bakuli linafifia. Nikaona shingo inavimba. Nikang'ata kitambaa changu cha kichwa.

"Ha..."

Watu wakasogea mbele.

"Hapana."

Makofi! Wamepiga makofi! Mama mmoja kapiga kigelegele. Wifi kainua mikono juu, uso umelowa.

"Hapana," akasema tena. Makofi. Bi Bakuli akasema asanteni, asanteni, na jingine kaka, toa jingine.

"Hapana! Hapana!" Sasa kwa nguvu, na mkono wake mzima ukalisukuma bakuli, likaanguka, likazunguka sakafuni likilia. Na wao wanashangilia! Mtu anawaambia hapana usoni, wanampigia makofi! Bi Bakuli kachukua rungu lake, kagonga upatu wa shukrani, sauti ya mume wangu ikafunikwa kabisa. Namwona mdomo unachezacheza, simsikii.

Basi nikaingia. Kwa sauti ya stendi, bila maiki:

"ANASEMA HAPANA! HAMNA MASIKIO? ANASEMA HA-PA-NA!"

Hata upatu ulinyamaza. Bi Bakuli kaushika kwa mikono miwili. Nikaruka viatu, nikaruka mito, nikamshika mume wangu kwapani, nikamwinua. Alikuwa mzito lakini alinisaidia, mguu wake mzima ulisukuma. Mtu mmoja akauliza kama bado inarekodi. Nilimpa jicho moja tu. Tukaja huku, nikafunga.

Nje nasikia wanavaa viatu. Wanaondoka mmojammoja. Bi Bakuli anamwambia wifi kitu, polepole kama kawaida yake, na wifi, wifi wangu mimi, anamjibu kwa sauti ya juu: niache kwanza! Mlango wa mbele umefungwa.

Sasa amebaki yeye tu. Alianza kugonga kwa kidole, sasa kwa kiganja. Na anaongea. Anaongea kwa sauti, na anayemwongelesha ni yeye, mume wangu. Mdogo wangu, nifungulie. Mdogo wangu, nilidhani unafurahi. Nilisikia sauti tu, sikusikia unachosema. Nisamehe. Nilikuwa naogopa utalia tena. Nifungulie nikuone.

Mume wangu kainua kichwa, anamsikiliza. Machozi yanamtoka na hayafuti.

Mimi bado nina hasira. Niandike wazi: sitaki kufungua. Nataka akae huko nje aonje. Nataka ajue ukumbi ulivyo. Jibu liko ulimini, na kufungua mdomo ni kazi yangu ya kila siku, halinishindi.

Lakini nimemgeukia, nimemuuliza yeye. "Dada yako huyo. Nimfungulie?"

Ameinamisha kichwa kidogo, sijui ni ndiyo au ni kutetemeka. Nikataka kumwambia kumbe ni ndiyo. Au kumbe ni hapana. Akainua kidole cha mkono mzima: ngoja.

Nangoja. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitamjibia. Shingo inavimba. Midomo imekutana, imeachana, imekutana tena. Wifi kaacha kugonga, nadhani kaweka sikio mlangoni, nasikia pumzi yake juu ya kichwa changu. Jasho linamtoka puani. Anatafuta. Nimeona ulimi umegusa meno, umeondoka, umerudi. Naweka kalamu, nimsikilize.